Mwenye Kutega

Mjomba wa watoto wangu ni fundi wa magari Buyenzi, mjini Bujumbura. Mikono yake ikishatoka kwenye grisi huingia katika kazi nyingine isiyolipwa: kuficha vikopo. Huchukua vile vya mafuta ya kujipaka, vya bati, vyenye kifuniko, vinavyoenea kiganjani mwa mtoto. Hukisugua kikopo mpaka kikauke mafuta, hukata ukanda wa tyubu kuukuu ya gurudumu na kuuzungusha mdomoni ili mvua isipenye, kisha kwa chini hugandisha sumaku aliyoibandua kwenye spika iliyokufa. Ndani hutia karatasi ya kuandika majina, kipande cha penseli, na kitu cha kubadilishana: gololi, kifungo cha shati, stempu. Anayechukua huacha chake. Nimekaa karibu naye akiifanya kazi hiyo, na sikuona tofauti kati ya umakini wake hapo na ule anaoutumia kwenye breki za gari la mtu.

Mchezo wenyewe wa kuficha na kutafuta vikopo ulizaliwa mbali nasi. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara ya GPS wanayopata raia. Kabla ya siku hiyo kifaa kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita mia. Kesho yake Dave Ulmer akaacha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza majiranukta yake, na baada ya siku chache watu walikuwa wameshaifikia. Ndiyo ikawa jiokashingi, na leo vikopo vya namna hiyo viko karibu kila nchi.

Sisi tunaucheza kifamilia, Jumapili, maana Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii. Mtaa wa Asiatique siku hiyo umepoa: milango ya maduka imeshushwa, baraza ni tupu, na mtoto anaweza kuinama chini ya ngazi bila kumkwaza mchukuzi mwenye gunia kichwani. Mjomba hutuma namba kwenye simu yangu: Kusini nyuzi 3 na dakika kadhaa, Mashariki nyuzi 29 na dakika kadhaa, kila dakika ikiwa imekatwa vipande elfu. Huku kwetu karibu na ikweta kipande kimoja ni kama mita mbili za ardhi, upande wowote utakaokwenda. Binti yangu mkubwa hushika simu, na mdogo wake hukimbia mbele. Lakini kati ya kuta ndefu na mapaa ya bati ishara za setilaiti hugonga na kurudi, mshale ukayumba, na simu haina la kusema tena. Hapo ndipo inapoanza kazi ya mjomba, kwa sababu chini ya namba huwa ameandika kitendawili.

Wiki moja kilikuwa hiki: Nimesimama tangu babu yako hajazaliwa, nimebeba paa lisilo langu, na gotini nimeficha nguo zangu zote.

Nguzo, wakasema mara moja. Lakini nguzo za baraza katika mtaa ule nani atazihesabu? Wabelgiji walipoigawa Usumbura, Wazungu kwao, Waafrika kwao Buyenzi na Bwiza, wafanyabiashara wa Kiasia walitengewa eneo hili, duka mbele na makazi nyuma, na jina likabaki hata baada ya mji kuwa Bujumbura na wakazi kuchanganyika. Baraza zilijengwa kwa ajili ya kivuli cha mnunuzi. Mimi nimepita chini yake maisha yangu yote na sikuwahi kutazama nguzo hata moja.

Watoto walizitazama. Walikwenda moja baada ya moja, wakapapasa, wakarudi, wakabishana kuhusu goti la nguzo liko wapi. Zamu, yaani mlinzi, wa duka moja alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, redio mapajani, uso umetulia kama hajui lolote. Walimpita mara nne. Mara ya tano yule mdogo akachuchumaa penye nguzo ambayo rangi yake ilikuwa imebanduka kimo cha goti la mtu mzima, ambapo mikokoteni hugonga. Pale kwenye jeraha rangi zilionekana zikiwa zimepandana: ya maziwa, chini yake kijani, chini yake buluu, na chini kabisa nyekundu ya udongo. "Nguo zake hizi!" akapiga kelele. Kikopo kilikuwa kimeng'ang'ania nyuma, kwenye pete ya chuma. Zamu akacheka mpaka redio ikamponyoka.

Alikuwa anajua, bila shaka. Hili ndilo ninalolistahi zaidi katika ufundi wa shemeji wa mume wangu: hafichi kitu kabla hajakionyesha. Mji wetu umeona vita, na bati lisilo na mwenyewe ukutani linaweza kumtia mtu hofu ya kweli. Kwa hiyo humwendea mwenye duka, humwendea zamu, hufungua kikopo mbele yao, huwaachia namba yake ya simu, na juu ya kifuniko huandika kwa Kirundi na Kiswahili kwamba huu ni mchezo wa watoto. Akikataliwa hushukuru na kwenda kwingine. Wenyeji wakishakubali huwa walinzi wa siri, na nimegundua kwamba wanaipenda siri hiyo kuliko sisi.

Safari moja alitupeleka Mugere, kusini mwa mji, kwenye jiwe linaloonyesha kwamba Livingstone na Stanley walifika pale tarehe 25 Novemba 1871. Walikuwa katika safari ya kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Burton na Speke walikuwa wameshaambiwa jibu huko Uvira mwaka 1858, kwamba unaingia. Wenyeji walilijua siku zote. Watoto waliandika majina yao kwenye karatasi ya kikopo. Jiwe hawakuligusa, maana mjomba aliwakataza.

Jumapili iliyopita yule mdogo alidai zamu yake ya kutega. Akaficha peke yake, akaja na kitendawili: Ninabeba mzee, sichoki. Mjomba alizunguka baraza nzima, akapapasa pete za chuma, akapanda ngazi, akashuka, jasho likimtoka kwelikweli. Mwishowe akasimama mbele ya mtoto.

"Nimeshindwa, mpwa wangu."

"Nipe mji."

"Chukua Gitega."

"Sitaki."

"Rumonge."

"Sitaki."

"Basi chukua Asiatique, yote, na nguzo zake."

Mtoto akakubali. Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwa zamu aliyekuwa ameketi vilevile, uso umetulia, akamwomba kwa adabu asimame kidogo.