Kusikia kwa Sikio na Kusikia kwa Mkono

Kitenzi kusikia kina kazi nyingi katika Kiswahili kuliko sikio lenyewe. Mtu husikia sauti, na hilo ni la sikio. Lakini husikia baridi vilevile, husikia joto, maumivu na njaa, na mambo hayo ni ya ngozi na ya mwili mzima. Tena kitenzi hicho kina maana ya tatu, ambayo ni ya moyo. Mama asemapo kuwa mtoto wake hasikii, hana maana kuwa mtoto huyo ni kiziwi. Ana maana kuwa huonywa asionyeke. Methali isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu yasimama juu ya maana hiyo ya tatu. Hivyo neno moja limebeba sauti, mguso na utii, kana kwamba walioliunda waliyaona mambo hayo kuwa vidato vya ngazi moja: lililoingia sikioni hushuka mwilini, na lililoshuka mwilini lapasa kufika moyoni.

Ngazi hiyo yafaa kuwa kipimo cha sanaa moja ya zama hizi ambayo imepata sifa nyingi na uhakiki mchache. Ni sanaa ya mazingira itumiayo mitambo na mwili wa mtazamaji. Msanii wake hatundiki picha ukutani. Huweka bomba, maikrofoni, kitambuzi cha umeme au pande la barafu, na kazi yake haitimii mpaka mtu afike, asikilize au aguse. Katika majumba mengi ya sanaa mgeni huzoea kukatazwa kugusa. Katika sanaa hii hukaribishwa kugusa. Jicho, lililotawala kwa karne nyingi, limeambiwa lisogee kidogo ili sikio na mkono vipate nafasi.

Wasifuo sanaa hiyo husema kwamba mtu akigusa naye akajibiwa, amekwisha karibishwa kwa maumbile. Dai hilo ni jepesi mno. Kujibiwa si ushahidi wa ukaribu, kwa maana hata kengele ya mlangoni humjibu aibonyezaye. Maswali yapasayo kuulizwa ni mawili: ni nani hasa anayejibu, na jibu hilo lamdai nini aliyegusa? Kazi nne zaweza kutumika kuyapima maswali hayo.

Ya kwanza ni Akousmaflore, ya mwaka 2007, iliyotungwa na wasanii wawili wa Ufaransa, Grégory Lasserre na Anaïs met den Ancxt, watumiao pamoja jina la Scenocosme. Mimea hai imening'inizwa kutoka juu kama katika bustani ndogo ya hewani. Mgeni akiyapapasa majani, mmea hutoa sauti. Akiugusa kwa namna nyingine, sauti hubadilika. Siri yake ni kwamba mwili wa binadamu hubeba umeme mdogo asioujua mwenyewe, na mmea hufanywa kitambuzi cha umeme huo. Kisha kompyuta huugeuza kuwa mlio.

Kazi hii ina adabu yake. Haimpi mgeni kitufe cha kubonyeza wala kioo cha kukodolea macho. Humfundisha kunyosha mkono polepole, kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto aliyelala. Humfunulia pia jambo la kweli, ya kuwa mwili wake hauishii kwenye ngozi yake. Lakini likiulizwa swali la kwanza, kazi hii hutetereka. Mmea haukusema, umesemewa. Sauti ilichaguliwa na binadamu, ikatiwa ndani ya kompyuta, nayo ikangoja kidole. Wimbo huo haumwambii msikilizaji kama mmea una kiu, kama mizizi yake imebanwa, au kama majani yake yamechoka kwa kupapaswa na watu wengi tangu asubuhi. Mgeni hudhani kuwa ameusikia mmea, kumbe amejisikia mwenyewe katika sauti ya kuazima. Na swali la pili halina jibu kabisa: kugusa kumempa furaha, wala hakukumdai kitu.

Kazi ya pili haina umeme wala kompyuta, nayo yaonyesha kwamba ufundi si lazima uwe wa nyaya. Mji wa Zadar, katika pwani ya Kroatia, uliharibiwa vibaya kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na sehemu ya ufuko wake ikajengwa upya kwa zege lisilo na sura. Mwaka 2005 palifunguliwa hapo Kinanda cha Bahari, kazi ya msanifu majengo Nikola Bašić. Ngazi za mawe hushuka hadi majini kwa urefu wa mita 70 hivi, na chini yake yamefichwa mabomba 35 yasiyolingana. Wimbi liingiapo husukuma hewa, hewa hupita katika filimbi, na mlio hutokea katika matundu yaliyo sakafuni ambapo watu hupita. Mwaka 2006 kazi hiyo ilishiriki Tuzo ya Ulaya ya Maeneo ya Umma ya Mjini.

Hapa ajibuye ni bahari yenyewe. Binadamu amechagua noti, lakini hakuchagua lini zipigwe, kwa nguvu gani, wala kwa utaratibu upi. Bahari haimngoji mgeni. Huimba usiku wa manane ngazi zikiwa tupu, na haimwimbii tajiri zaidi ya maskini. Naye akaaye katika kidato cha chini aweza kutia wayo majini, akasikia mara mbili kwa wimbi moja: mlio kwa sikio na baridi kwa wayo. Katika nukta hiyo maana mbili za kitenzi cha Kiswahili zimekutana bila ya kulazimishwa.

Hata hivyo kinanda hiki kina upungufu uliozaliwa na uzuri wake. Filimbi zake zimepangwa ili sauti zipatane. Bahari ikiwa shwari huimba taratibu, na ikichafuka huimba kwa nguvu, lakini haikupewa njia ya kutamka neno chungu. Mvuvi yeyote ajua kuwa bahari ina maneno mengine. Kazi ya Zadar humtuliza mtu na kuuponya ufuko uliokuwa bubu, na hiyo si kazi ndogo. Lakini msikilizaji huondoka akiwa amepumzika, hakuondoka akiwa ameonywa. Amepanda vidato viwili vya ngazi, cha tatu hakukiona.

Kazi ya tatu ilianza na chombo ambacho watu hukibeba mifukoni kila siku. Mwaka 2007, Katie Paterson, msanii wa Scotland aliyekuwa akisoma London, alitumbukiza maikrofoni ya majini katika ziwa la Jökulsárlón, huko Iceland, ambamo barafu ya Vatnajökull humeguka na kuyeyuka. Maikrofoni hiyo iliunganishwa na simu ya mkononi, na mtu yeyote, popote alipokuwa duniani, aliweza kuipiga. Ndani ya chumba cha maonyesho hapakuwa na barafu wala picha ya barafu. Palikuwa na nambari ya simu iliyoandikwa kwa taa.

Uwezo wa kazi hii umo katika desturi ya simu yenyewe. Apigaye simu hungoja salamu. Hapa hapakuwa na salamu. Palikuwa na maji yakidondoka na barafu ikiguna, wakati ule ule yalipokuwa yakitokea. Haikuwa kanda iliyorekodiwa ambayo mtu aweza kuirudisha nyuma. Tone lililosikika lilikuwa limekwisha anguka wala halikurudi. Kwa kawaida mtu hupiga simu kumjulia hali mgonjwa, na aghalabu hupokewa na jamaa atakayemwambia kuwa mgonjwa hajambo kidogo. Hapa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepokea, naye hakusema lolote ila kupumua. Kwa swali la kwanza, basi, kazi hii yashinda zile mbili: hakuna aliyeazimwa sauti, na hakuna noti iliyopangwa ili ipendeze.

Upungufu wake ni mkono. Mpigaji simu alisikia kwa sikio tu, kiganja chake kikabaki kikavu. Tena simu hukatwa kwa urahisi kuliko mlango ufungwavyo. Aliyejulia hali kwa mbali huweza kujiona amekwisha timiza wajibu, na huo ni udhaifu wa kila salamu ya mbali, hata iwe ya kweli namna gani.

Kazi ya nne huanzia mahali ile ya tatu ilipokoma. Olafur Eliasson, msanii wa asili ya Iceland na Denmark, akishirikiana na mwanajiolojia Minik Rosing, mzaliwa wa Greenland, alileta mapande ya barafu kutoka katika hori iliyo karibu na Nuuk na kuyaweka katika viwanja vya miji. Kazi hiyo huitwa Ice Watch, jina lenye maana ya saa na ya kukesha pia. Ilionyeshwa Copenhagen mwaka 2014, Paris mwaka 2015 wakati wa mkutano wa mataifa juu ya tabianchi, na London mwaka 2018. Mjini Paris mapande 12 yalipangwa duara kama uso wa saa mbele ya jengo la Panthéon, nayo yakaachwa yayeyuke. Hapakuwa na uzio. Watoto waliyakumbatia, na watu wazima waliyawekea masikio.

Walisikia nini? Barafu ya namna hiyo imetokana na theluji iliyoshindiliwa, na ndani yake mna mapovu ya hewa yaliyofungwa kwa maelfu ya miaka. Barafu iyeyukapo, mapovu hupasuka moja moja na kutoa mlio mdogo wa kutatarika. Mlio huo, basi, ndio kuyeyuka kwenyewe kunakosikika. Na hapa ndipo sikio na mkono hukutana kwa namna isiyopatikana katika kazi zile tatu. Mtu awekaye kiganja juu ya barafu husikia baridi, na barafu husikia joto lake. Maji humtiririka mkononi. Kiganja kiondolewapo, pale kilipokuwa pamebonyea kidogo. Mkono uliotaka kujua ndio huo huo uliopunguza kilichotakiwa kujulikana, na sikio lililo karibu lasikia kazi ya mkono huo. Swali la pili limejibiwa bila ya maneno: kugusa kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na kiguswacho.

Pana pingamizi lipasalo kupewa haki yake. Barafu haikutembea kwa miguu. Ililetwa katika makontena ya baridi, na safari hiyo ilitoa moshi. Studio ya msanii ilichapisha hesabu ya kazi ya Paris, takriban tani 30 za hewa ukaa. Mpinzani aweza kusema kwamba mtu hachomi nyumba ili afundishe hatari ya moto. Jibu moja ni kwamba mapande hayo yalikuwa yamekwisha meguka na kuelea baharini, na yangaliyeyuka hata yasingaliguswa. Lakini jibu hilo laiokoa barafu, haliuokoi moshi. Jibu lililo bora ni kukiri. Kazi isemayo kwamba hakuna mguso usio na gharama haiwezi kujitoa katika sheria yake yenyewe, na kwa kuichapisha hesabu imejihesabu miongoni mwa waguso. Hilo laipa ukweli. Lakini laiwekea mpaka pia: ikirudiwa kila mwaka katika kila mji, itakuwa desturi, na desturi hiyo itakuwa sehemu ya kosa inaloonya.

Pingamizi la pili si la kazi hii bali ni la kipimo chenyewe. Mhakiki mwingine aweza kuuliza kama kuidai sanaa ifikishe watu kwenye utii si kuifunga kamba ya mahubiri. Swali ni la haki, kwa kuwa mahubiri mabaya yameua mashairi mengi mazuri. Lakini yapasa kutofautisha amri na kusikia. Amri hutoka nje na kumlazimisha mtu. Kusikia kwa maana ya tatu hutoka ndani yake, baada ya jambo kumpitia sikioni na ngozini. Barafu ya Paris haikuwa na bango la mafundisho lililohitajika ili ieleweke. Ilikuwa na baridi, maji na mlio. Utii, kama ulikuja, ulikuja kwa hiari ya aliyegusa. Kazi ya kwanza haishindwi kwa sababu haihubiri. Yashindwa kwa sababu humwacha mtu akidhani kuwa amesikiliza, na kudhani hivyo ni kizuizi kikubwa zaidi ya kutosikia.

Wala haifai kuzidisha madai. Mkataba wa Paris ulipitishwa tarehe 12 Desemba 2015, nayo barafu ilikuwa imewekwa kiwanjani tangu mwanzo wa mwezi huo. Lakini itakuwa kujidanganya kusema kwamba mapande 12 ya barafu yaliwashawishi wajumbe. Sanaa haina nguvu hiyo, na aidaiye huiandalia fedheha. Methali yasema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo haikusema kwamba dawa haikuletwa, wala kwamba sikio halikusikia mlio wa kikombe kikikaribishwa kinywani. Sanaa yaweza kuileta dawa karibu hata mtu akaisikia ubaridi wake midomoni. Kumeza ni kwake mwenyewe.