Mwungwana, Maskini na Mtumwa: Juu ya Kufasiri Sheria za Hammurabi

Katika msamiati utakiwao kwa kujifunza ustaarabu wa kale wa Mesopotamia, yako maneno yasiyo na taabu. "Mwandiko wa kabari" hueleweka mara moja, maana kabari twaijua, na alama zile zilizopigwa katika udongo mbichi kwa ncha ya tete zina umbo lake. Taabu iko katika majina ya watu na vyeo vyao.

Jiwe la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala yapata 1792–1750 kabla ya Kristo, lilifukuliwa Susa, nchini Iran, katika 1901 na 1902, nalo limewekwa Louvre, mjini Paris. Jiwe hilo lataja matabaka matatu: awilum, mushkenum na wardum. Wardum ni mtumwa. Lakini awilum akifasiriwa "mtu" kila mahali, sheria ya 196 itasomeka kwamba mtu akipofua jicho la mtu, naye apofuliwe. Na msomaji atadhani haki hiyo ilikuwa ya wote. Sivyo. Kwa sheria ya 198, jicho la mushkenum lalipiwa mina moja ya fedha, yaani kama nusu kilo. Na kwa sheria ya 199, jicho la mtumwa lalipiwa nusu ya thamani yake.

Hapa Kiswahili kina neno lake tayari: mwungwana, yaani asiye mtumwa, tena mwenye heshima zake. Palipokusudiwa mtu yeyote, "mtu" latosha. Palipopimwa tabaka kwa tabaka, haliwezi kutosha.

Mushkenum ana mtego mwingine. Neno letu "maskini" ni kizazi chake hasa, kwa njia ya Kiaramu na Kiarabu. Kwa hiyo mfasiri huvutwa kulitumia. Lakini kwa sheria ya 8, aliyeiba ng'ombe au mashua ya mushkenum hulipa mara kumi, na sheria ya 15 yataja watumwa wake. Mwenye ng'ombe, mashua na watumwa si maskini tumjuaye sisi. Alikuwa mtu huru wa cheo cha chini.

Basi mushkenum na abaki mushkenum, pamoja na maelezo yake. Afadhali neno geni lililofafanuliwa kuliko neno la nyumbani linalomficha msomaji ni nani aliyelipwa jicho, na ni nani aliyelipwa fedha.