Diski ya Nne

Seva ya ofisi imejaa. Diski tatu za terabaiti 4 kila moja, zilizofungwa pamoja kwa RAID 5, zinatoa nafasi ya terabaiti 8, na sasa zimebaki gigabaiti za kuhesabu. Njia ya mwenye haraka inajulikana: nakili kila kitu kwenye diski za nje, vunja kundi lote, liunde upya kwa diski nne, rudisha data, na umwombe Mungu nakala iwe nzima. Fundi hafanyi hivyo. Anachomeka diski ya nne, anaandika amri mbili, na wahasibu wanaendelea kufungua mafaili yao kama kawaida, huku chini yao kila kipande cha data kikihamishwa kutoka kilipolala. Ni sawa na kufumua mkeka na kuusuka kwa upana mpya wakati wageni wameukalia.

Wazo la kufunga diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja lilipewa jina la RAID na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya 1988. Walipanga njia zao kwa ngazi, kuanzia 1 hadi 5. Ya 6 ilikuja baadaye. Namba hizo zimepotosha wengi, wakadhani ngazi ya juu lazima iishinde ya chini, kumbe ni majina tu ya mipango tofauti. Kwenye Linux kazi hii hufanywa kwa mdadm, programu ya Neil Brown wa Australia. Uwezo wa kuongeza diski kwenye RAID 5 iliyo kazini uliingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2006, na wa kuibadili RAID 5 iwe RAID 6 ukafuata mwaka 2009.

Msingi wa yote ni hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza. Chukua 1011 kutoka diski moja na 0110 kutoka nyingine. Linganisha tarakimu moja moja: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Unapata 1101. Hiyo ndiyo pariti, na katika mfano huu inawekwa kwenye diski ya tatu. Diski ya kwanza ikifa, linganisha 1101 na 0110 kwa kanuni ileile, na 1011 inarudi kama ilivyokuwa.

Sasa jiulize RAID 5 ya diski mbili ingekuwaje. Kila mstari, yaani safu ya vipande inayokatiza diski zote, ungekuwa na kipande kimoja cha data na kimoja cha pariti. Lakini kipande kisicho na mwenzake wa kulinganishwa naye, pariti yake ni chenyewe. Kwa hiyo diski zote mbili zingebeba kitu kilekile, neno kwa neno, na hiyo tayari ina jina: RAID 1, diski na kioo chake. Waliotengeneza programu hii hawakuliacha jambo hilo lipite bure. Ukiwa na RAID 1 ya diski mbili, unaiambia mdadm iwe ngazi ya 5, na inakuwa, papo hapo. Hakuna data inayosogea. Kinachobadilika ni maelezo mafupi yaliyoandikwa kwenye kila diski, yanayosema kundi hili ni la aina gani. Baada ya hapo unaweza kuongeza ya tatu, na ya nne. Sijui hila nyingine katika kazi hii inayonifurahisha kuliko hiyo, kwa sababu anayeifanya hakuongeza kitu. Alitambua tu kwamba kilichohitajika kilikuwapo tangu mwanzo.

Kuongeza diski yenyewe ni kazi nzito zaidi. Turudi kwenye diski zetu tatu. Tuite vipande vya data A, B, C na kuendelea, na pariti tuiache pembeni. Mstari wa kwanza una A na B, wa pili C na D, wa tatu E na F, wa nne G na H. Diski zikiwa nne, kila mstari utabeba vipande vitatu: wa kwanza A, B, C, wa pili D, E, F, wa tatu G, H, I.

Programu inasoma A, B na C, kisha inaziandika juu ya mstari wa kwanza wa zamani, mahali palepale A na B zinapoishi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mstari huo si wa zamani wala si mpya. Mstari wa pili nao una hatari yake: C imeshapata makao mapya, lakini D inaandikwa juu ya mahali pake yenyewe. Ukifika mstari wa tatu, hali inabadilika kabisa. Vinavyofutwa hapo ni E na F, na zote mbili zimeshalala salama kwenye mstari wa pili mpya. G, H na I zinazoandikwa bado zipo mbele, kwenye mistari ya zamani ambayo haijaguswa. Umeme ukikatika sasa, hakuna kinachopotea. Inatosha kujua ulifika wapi, na hilo huandikwa kwenye kila diski kadiri kazi inavyosonga.

Basi hatari yote iko kwenye hatua chache za mwanzo. Kwa hiyo mdadm huanza kwa kunakili sehemu hiyo ndogo mahali pengine, ama kwenye faili lililo nje ya kundi, ama mwishoni mwa diski mpya ambayo bado ni tupu. Ikishavuka, nakala haina kazi tena. Kundi la terabaiti 8 linalindwa na faili dogo kwa muda mfupi, na saa zote zinazobaki linajilinda lenyewe kwa mpangilio wa kuandika.

Ugumu hujitokeza pale idadi ya vipande vya data isipoongezeka. Mwenye RAID 5 ya diski nne anayetaka RAID 6 ya diski tano alikuwa na vipande vitatu kwa mstari, na atabaki na vitatu. Nafasi inayoongezeka inakwenda yote kwenye pariti ya pili. (Pariti hiyo hutumia aljebra ya Évariste Galois, kijana Mfaransa aliyeuawa kwa bastola kwenye pambano mwaka 1832 akiwa na miaka 20.) Hapo kila mstari unaandikwa juu ya mahali pake, na ile hatari ya mwanzoni inadumu hadi mwisho. Kwa muda mrefu dawa ilikuwa kunakili kila mstari kabla ya kuugusa, na kazi ikawa ya kutambaa. Tangu mdadm 3.3, ya mwaka 2013, mwanzoni mwa kila diski huachwa nafasi tupu, na data yote husogezwa kidogo kuelekea huko. Kila kinachoandikwa kinaangukia mahali pasipo na mtu, na faili la akiba halihitajiki.

Yote haya huchukua muda. Diski ya terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde, ni kama saa 37. Fundi anayejua kazi yake anaangalia /proc/mdstat, anaona asilimia, anaondoka. Usiku anainua kiwango cha chini cha kasi, asubuhi anakishusha ili watu wa ofisi wasisubiri mafaili. Kabla hata ya kuanza alishaziamuru diski zote zisomwe mwanzo hadi mwisho, maana sekta mbovu ni afadhali ijulikane kabla. Na bakapu alikuwa nayo, mahali pengine kabisa.

Kupunguza diski ndiko kunakonishangaza zaidi kwa uangalifu wake, ingawa wachache hukuhitaji. Kwanza mfumo wa mafaili unafinywa uingie kwenye nafasi ndogo. Kisha mdadm inalazimisha hatua ambayo wenye papara huiona kero: kwa --array-size unalipangia kundi ukubwa mdogo, lakini kwa kuficha tu ule mkia wake. Hakuna kilichofutwa. Unaukagua mfumo wa mafaili. Mfumo ukilalamika, unarudisha ukubwa wa awali na kila kitu kipo. Usipolalamika, ndipo unaandika idadi mpya ya diski, na safari hii programu inaanzia mwisho wa diski kurudi mwanzo, kwa hiyo hatua za kujikanyaga, na nakala ya kuzilinda, zinakuja mwisho kabisa wa kazi.