Pongezi kwa Mzee Fanaroff
Kisangani ipo karibu na ikweta, hivyo galaksi za M87 na Centaurus A zote hupita juu ya mto wetu. Kila moja hurusha michirizi ya chembe kutoka kando ya shimo jeusi, na mawimbi yake ya redio hupenya hata mawingu ya msitu.

Pongezi zangu zimwendee Mzee Bernie Fanaroff, mwanaastronomia wa Afrika Kusini. Mwaka 1974, yeye na Julia Riley walizigawa galaksi za namna hiyo katika makundi mawili: zinazong'aa karibu na kiini na zinazong'aa nchani. Baadaye alitetea wafanyakazi wa viwanda vya chuma, kisha akaongoza mradi uliozaa darubini ya redio ya MeerKAT, antena 64 zilizozinduliwa Karoo mwaka 2018. Vijana wa Chuo Kikuu cha Kisangani, njia ameifungua, ifuateni.