Tope Lisilotaka Hewa

Mwaka 1868, mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley alichunguza kwa hadubini matope ambayo meli ya Cyclops ilikuwa imeyachota mwaka 1857 kutoka vilindi vya Atlantiki ya Kaskazini. Yalikuwa yamehifadhiwa kwenye spiriti. Humo akaona ute, akaamini ni kiumbe hai cha sakafu ya bahari, akakipa jina la Bathybius haeckelii.

Meli ya Challenger, iliyong'oa nanga Uingereza Desemba 1872, ilikitafuta kiumbe hicho katika matope mabichi na haikukiona. Ndipo mkemia wa meli, John Young Buchanan, akafanya jaribio dogo: alichanganya maji ya bahari na spiriti. Ute ukajitokeza mbele ya macho yake. Ulikuwa kalsiamu salfeti, yaani jasi, iliyojitenga na maji ya chumvi kwa sababu ya spiriti yenyewe. Huxley alipopata habari hizo mwaka 1875, alikubali hadharani kwamba huenda alikosea.

Madini yale yalizaliwa ndani ya chupa. Hapo ndipo ulipo ugumu, na hapo ndipo ilipo heshima ya ufundi huu wa jiokemia ya mashapo ya bahari: anayelichunguza tope lazima ajizuie asilibadilishe, na tope hubadilika upesi mno.

Kazi huanza kwa mabomba ya plastiki angavu yaliyofungwa kwenye fremu ya chuma, yanayoshushwa kwa waya hadi chini na kuzama topeni polepole. Yakirudi sitahani, fundi hatazami tope kwanza. Hutazama maji yaliyolala juu yake. Yakiwa maangavu, uso wa tope umefika salama. Yakiwa yamechafuka, tabaka la juu limevurugika na bomba hilo halifai tena kwa vipimo vya tabaka hilo.

Bomba zuri hupelekwa kwenye chumba cha baridi. Ubavuni mwake kuna matundu yaliyotobolewa mapema, na katika kila tundu huingizwa kijiti chembamba chenye vinyweleo visivyopitisha hata bakteria wengi. Kijiti huunganishwa na bomba la sindano. Mkono wa sindano huvutwa nyuma na kuzuiwa kwa kipande cha mbao ili usirudi. Kisha ni kusubiri. Maji yaliyonaswa katikati ya chembe za tope hutoka tone kwa tone, kila tundu likitoa maji ya kina chake. Matone ya kupimia chuma hutiwa tindikali papo hapo, na ya kupimia salfaidi hutiwa zinki asetati. Chuma kilichoyeyuka katika maji hayo kikikutana na hewa, huanza kuwa kutu ndani ya dakika chache na kutuama. Atakayechelewa atapima maji yasiyo na chuma, aandike kwamba hakikuwapo.

Uangalifu wote huo una malipo yake. Mwaka 1979, Froelich na wenzake walichapisha vipimo vya mashapo ya Atlantiki karibu na ikweta vilivyoonyesha utaratibu wa ajabu. Bakteria wanaoozesha mabaki ya viumbe hutumia kwanza oksijeni. Ikiisha huhamia kwenye naitreti na manganizi, kisha chuma, kisha salfeti, na mwisho huzalishwa methani. Hatua hizi huyeyusha madini fulani na kuyajenga mengine. Kwenye tope la pwani oksijeni huweza kuisha ndani ya milimita chache tu. Katikati ya Pasifiki hupenya mita nyingi.

Aliyewahi kuzama hadi magotini kwenye mikoko ya Gazi au ya delta ya Rufiji ameikanyaga hatua ya salfeti. Uvundo wa yai viza anaounusa hapo ni haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hukutana na chuma, tope likawa jeusi, na baadaye huundwa pairaiti: vijitufe vya maikromita chache, kila kimoja kikiwa mkusanyiko wa fuwele ndogo zilizopangika kwa nidhamu inayomfanya mtazamaji asiondoe jicho kwenye hadubini. Tope likikaushwa, pairaiti hiyo hugeuka tindikali ya salfuriki. Mwenye kuchimba bwawa la kamba penye mikoko anahitaji kulijua hilo mapema.

Challenger ilileta pia fumbo jingine. Februari 1873, kusini-magharibi ya visiwa vya Kanari, wavu wake ulipandisha vinundu vyeusi vya manganizi. Vingine vya namna hiyo, vilipopasuliwa, vilikutwa na jino la papa katikati. Kinundu hukua milimita chache hadi makumi ya milimita kwa miaka milioni moja, kikipokea metali kutoka maji ya bahari juu yake na kutoka maji ya tope chini yake. Humo mna nikeli, shaba na kobalti, na ndiyo maana leo vinundu vinatamaniwa.

Mwaka 1989, watafiti wa Ujerumani walikokota plau kwenye Bonde la Peru, kina cha zaidi ya mita 4,000, ili waone uchimbaji wa vinundu ungefanya nini. Waliporudi mwaka 2015, mifereji ilikuwa bado inaonekana, na shughuli za bakteria ndani yake zilikuwa bado zimefifia. Picha zilionyesha mifereji. Ni vipimo vya tope na maji yake vilivyoonyesha kwamba uhai ulikuwa haujarudi sawasawa.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, inayotunga kanuni za uchimbaji huo. Wajumbe wao wakiletewa ripoti ya mchimbaji, wana haki ya kuuliza sampuli zilishikwaje, na kama maji yake yalivutwa kabla hewa haijayafikia.