Malisho ya Jumuiya au Shamba la Bibi? Maadili Yaliyofichwa katika Hesabu ya Garrett Hardin

Ni makala machache katika historia ya fikra za mazingira yaliyotajwa na watunga sera mara nyingi kama yale ya Garrett Hardin kuhusu janga la mali ya pamoja, yaliyochapishwa katika jarida la Science Desemba 1968. Hoja yake inajulikana. Mfugaji anayeongeza ng'ombe mmoja kwenye malisho ya wote hupata faida yote peke yake, ilhali hasara ya nyasi kuisha hugawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja huongeza, na malisho hufa. Mfano wenyewe Hardin aliuazima kwa William Forster Lloyd wa Oxford, aliyeuchapisha mwaka 1833.

Anayeyarejea makala hayo leo hugundua kwamba ng'ombe wamepewa nafasi ndogo humo. Shabaha ya Hardin ilikuwa uzazi. Alitaka uhuru wa kuzaa uwekewe mipaka kwa shuruti, na alikana waziwazi uhalali wa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu katika jambo hilo. Mwaka 1974 aliyafananisha mataifa tajiri na mashua ya kuokolea watu, na maskini na waogeleaji wanaoizunguka: kuwapandisha ni kuizamisha. Baadhi ya watetezi wake huyatenga maandishi hayo mawili. Utengano huo haukubaliki, kwa kuwa hukumu juu ya nani astahili kuishi kwa nafasi imo tayari katika yale ya 1968, ila imevishwa vazi la hesabu.

Kosa la dhana linaonekana vizuri zaidi kwa Kiswahili. Watanzania huita shamba la bibi mali ambayo yeyote huichuma bila wa kumuuliza. Hardin alichora shamba la bibi, kisha akaliita malisho ya jumuiya. Mwaka 1998, katika jarida lile lile, alikiri kwamba alipaswa kusema malisho yasiyosimamiwa. Ungamo hilo halikupata hata chembe ya umaarufu wa kosa lenyewe.

Ngitili za Wasukuma zinatosha kuonyesha tofauti hiyo. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ikafunguliwa kiangazi nyasi zikiwa adimu. Nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji kizima. Ngitili nyingi zilikufa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulisaidia kuzifufua. Uhamisho uliwang'oa watu pamoja na kanuni zao, jambo ambalo hesabu ya Hardin haina safu ya kuliandika.

Hata hivyo si haki kumtwika Hardin kila sera mbaya ya ardhi. Sheria ya Kenya iliyoanzisha ranchi za vikundi ilipitishwa mwaka huo huo wa 1968, na imani kwamba hati ya umiliki ndiyo dawa ilikuwako tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954. Alichotoa Hardin ni lugha ya kisayansi kwa imani iliyokwisha kuwako. Ranchi nyingi za Kajiado zilipogawanywa kuanzia miaka ya 1980, uzio ulizuia mifugo kuifuata mvua. Umiliki binafsi haukuleta nyasi.

Jibu mashuhuri ni la Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha 1990, kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2009. Alionyesha, miongoni mwa mengine, kijiji cha Törbel nchini Uswisi, ambako tangu 1517 mwanakijiji hakuruhusiwa kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ushahidi huo unamshinda Hardin kuhusu uwezekano. Kuhusu haki, haumalizi jambo. Kanuni ya Törbel inampendelea mwenye majani mengi ghalani, kama ngitili ya kaya inavyomfaa mwenye ardhi. Asiye na ardhi hana cha kufunga. Kanuni ya kwanza ya Ostrom inataka ijulikane nani ana haki ya kutumia na nani hana, lakini haisemi wanaotengwa watengwe kwa msingi gani. Hardin aliuliza swali hilo waziwazi, akalijibu kikatili. Washauri wa sera wanaomnukuu Ostrom leo, aghalabu hawaliulizi kabisa.