SURA WAZI, KHABARI IMEFICHWA

Ndugu msomaji, shahidi ana njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kusema lisilokuwapo. Ya pili ni kulinyamazia lililokuwapo, naye analijua. Watu wengi huiogopa ile ya kwanza na kuipuuza hii ya pili, ilhali Qur'ani Tukufu imekataza zote mbili, na kuficha ushahidi imekuhesabu kuwa ni dhambi ya moyo. Kwa mizani hii nataka tuzitazame senema zilizotengenezwa Marekani juu ya maisha ya Joseph Smith, kwani picha za namna hii leo zinafika mpaka kwenye simu za watoto wetu, na anayezitazama hudhani kwamba anatazama taarikh.

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont. Mwaka 1830 alichapisha Kitabu cha Mormoni, akidai kuwa amekifasiri kutoka katika mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika, na mwaka huohuo akaanzisha kanisa lake. Wafuasi wake humwita nabii. Sisi Waislamu itikadi yetu inajulikana: mlango wa utume ulifungwa kwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na madai ya kila aliyekuja baada yake hatuyakubali. Hilo nimelisema, na sitalirudia. Walakini kutokubaliana na mtu hakutupi ruhusa ya kumdhulumu. Tumeamrishwa uadilifu hata kwa tunaohitilafiana nao, na uadilifu ndio ninaoutafuta hapa, kwake yeye na kwa waliomchora.

Picha ya kwanza ninayoitaja ni ile iitwayo Brigham Young, iliyotolewa mwaka 1940 na kampuni ya 20th Century Fox. Humo Joseph Smith anashtakiwa mbele ya baraza la waamuzi, na Brigham Young, atakayekuwa kiongozi baada yake, anasimama mahakamani kumtetea kwa maneno mazito. Ni sehemu inayogusa moyo. Lakini haikutokea. Smith aliuawa gerezani kabla kesi yake haijasikizwa, na siku hiyo Brigham Young alikuwa mbali sana, katika majimbo ya mashariki, akimfanyia kampeni, kwani Smith alikuwa akigombea urais wa Marekani mwaka huo wa 1844. Mtunzi alitaka hotuba, akazua na mahakama ya kuitolea. Sisi tuliosomeshwa kuuliza "nani kapokea kwa nani" twaona hatari yake mara moja. Khabari iliyoandikwa waweza kuidai isnadi. Senema haina isnadi: la kweli na la kubuni yanapita mbele ya macho yako kwa nuru moja na sauti moja.

Tena aliyeigiza sura ya Smith katika picha ile ni Vincent Price. Baadaye, hasa baada ya mwaka 1953, mtu huyu alipata umaarufu mkubwa katika senema za kutisha, za mauaji na mashetani. Basi anayeitazama ile picha ya 1940 leo, humwona nabii wa Wamormoni amevaa uso wa muuaji wa picha nyingine. Uso wa mwigizaji ni kitu cha kuazima. Kesho huazimwa na mwingine, kwa kazi nyingine. Wanaotuuliza kwa nini wanachuoni wetu wamekataa mitume kuigizwa, na wautafakari mfano huu mmoja.

Mwaka 2005 kanisa lenyewe lilitoa picha yake, kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Smith, ikaonyeshwa huko Salt Lake City katika jengo lenye jina lake. Kwa insafu, picha hii ina mazuri. Yule mtoto wa miaka kama saba anayepasuliwa mfupa wa mguu, akakataa pombe na akakataa kufungwa kamba, ni khabari iliyopokewa katika familia yake, nayo imeonyeshwa kwa utulivu. Mateso ya watu wake pia ni kweli. Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri wafukuzwe katika jimbo au waangamizwe, na amri ile haikufutwa rasmi mpaka mwaka 1976. Dhulma ni dhulma, yeyote aliyefanyiwa.

Lakini tazama kilichoachwa. Smith mwenyewe aliacha riwaya zaidi ya moja za ono lake la kwanza: ya 1832, ya 1835, ya 1838, na nyingine iliyochapishwa 1842, na hazilingani katika kila jambo. Mwanafunzi wa hadithi angeziweka pamoja na kuzipima. Senema huchagua moja, na zilizobaki huwa kama hazikuwahi kuandikwa.

Zito zaidi ni la wake zake. Katika picha ile ya 2005 mke ni mmoja, Emma, basi. Na kanisa lilelile, mwaka 2014, liliandika wazi katika makala yake kwamba makadirio ya wanachuoni makini ni wake kati ya 30 na 40, na kwamba baadhi yao walikuwa tayari wana waume. Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Si mimi, mfuasi wa dini iliyohalalisha wake wanne kwa sharti la uadilifu, nitakayemlaumu mtu kwa wingi wa wake peke yake. Ninalolilaumu ni pazia lililowekwa juu ya jambo ambalo maisha yake hayafahamiki bila ya hilo.

Kwani kifo chake kilitokana na nini? Tarehe 7 Juni 1844, katika mji wao wa Nauvoo, lilitoka gazeti liitwalo Nauvoo Expositor. Waliolitoa ni watu waliotoka ndani ya kanisa lake, akiwamo William Law, aliyekuwa msaidizi wake wa karibu. Gazeti likatangaza khabari ya ndoa zile. Siku tatu baadaye mtambo wake wa kuchapa ulivunjwa kwa amri ya baraza la mji, na Smith ndiye aliyekuwa meya. Kwa ajili hiyo akashtakiwa, akatiwa gerezani Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu waliojipaka nyuso rangi nyeusi wakavamia na kumuua, yeye na ndugu yake Hyrum. Alikuwa na umri wa miaka 38. Uuaji ule ni uovu usio na udhuru. Lakini ukishaondoa wake, gazeti halina khabari. Na gazeti likikosa khabari, mtambo umevunjwa bure, na mtazamaji anabaki na chuki iliyotoka hewani.

Na Emma amedhulumiwa kuliko wote. Picha inasifu mapenzi yake kwa mumewe, ikamnyima mtihani wake. Wahyi wa ndoa zile, kwa madai ya mumewe, uliandikwa mwaka 1843 na ukamtaja yeye kwa jina, ukimtaka akubali. Mwanamke aliyebeba mzigo ule, na baada ya kifo cha mumewe akakanusha kuwa uliwahi kuwapo, ana kisa kizito kuliko yote yaliyoonyeshwa. Walioitengeneza picha walikuwa na kisa hicho mkononi wakakiacha.

Huenda ukaniuliza: "Sheikh, na nyinyi je? Si mnaficha pia?" Ni swali la haki. Mwaka 1976 Moustapha Akkad alitoa senema ya The Message, na Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Walakini kuficha sura si kuficha khabari. Vitabu vyetu vya sira vimewataja Mama wa Waumini mmoja mmoja kwa majina yao. Kisa cha Ifki, siku alizosingiziwa Bibi Aisha (R.A.), kimepokewa kutoka kwake mwenyewe, pamoja na machozi yake. Na pale Mtume alipompa kisogo yule kipofu, lawama ilishuka kutoka mbinguni, nayo twaisoma katika sala mpaka leo. Sisi tumefunika uso, tukaacha khabari wazi. Wao wamefunua uso, wakafunika khabari.

Lakini tusijisifu upesi. Hata hiyo The Message inatoka Uhud na kufika Hudaibiya, na Vita vya Khandaq pamoja na yaliyofuata kwa Banu Quraidha vimerukwa. Na wangapi katika sisi masheikh tukiwasomesha vijana twaruka kurasa zilezile? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana aliyefichwa jambo na mwalimu wake, akalikuta kwa adui yake, hatauliza juu ya jambo hilo tu. Atauliza ni mangapi mengine aliyofichwa, na hapo imani yake huanza kuvuja.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akitazama picha ya mtu wa dini, yetu au ya wengine, keti naye. Muulize: haya yamepokewa kwa nani? Na lipi halikuonyeshwa? Kisha wewe mwenyewe umweleze lile gumu, kabla hajaelezwa na mwingine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, juu ya wenzetu na juu ya nafsi zetu. Amin.